Nilisoma Ahadi Kama Pesa

Desemba ya 2023, kwenye harambee ya karo iliyofanyika kijijini kwetu, si mbali na njia panda ya Kaplong, karani nilikuwa mimi. Daftari lilikuwa langu na kipaza sauti kilikuwa changu. Jioni nilisimama nikatangaza jumla ya shilingi laki tatu na elfu arobaini. Watu walipiga makofi, na wageni waliokuja Krismasi kutoka Nairobi na Nakuru wakapigwa picha na watoto. Pesa zilizokuwa mezani na kwenye simu ya mweka hazina hazikufika hata nusu ya hizo. Zilizobaki zote zilikuwa ahadi. Hakuna aliyenidanganya, maana mwandiko ulikuwa wangu.

Mwaka ule ulikuwa na haraka yake. Ndio uliofunga mtihani wa KCPE, wa kumaliza darasa la nane, uliokuwapo tangu 1985. Matokeo yalitoka tarehe 23 Novemba, na watoto walitakiwa kuripoti kidato cha kwanza katikati ya Januari. Wakati ule serikali ilimtengea kila mwanafunzi wa sekondari ya umma shilingi 22,244 kwa mwaka, na wa shule ya kutwa mzazi wake hakutakiwa kulipa karo. Akiitwa bweni, mzazi aliongeza: 53,554 kwa shule za kitaifa, 40,535 kwa nyingi za chini yake, na nusu ya hizo ilitakiwa muhula wa kwanza. Hapo bado hujafungua barua ya kujiunga na shule: sanduku la chuma, godoro, mablanketi, ndoo, kamusi, rimu ya karatasi, fyekeo. (Hilo fyekeo hunishangaza kila mwaka. Watoto mia tatu wakileta fyekeo mia tatu, shule ina nyasi kiasi gani?)

Na Januari ndio mwezi mbaya kwetu. Mkulima wa majani chai hulipwa kidogo kidogo kila mwezi kwa kilo alizopeleka kituoni, ikishakatwa mbolea aliyochukua kwa mkopo. Pesa ya maana humjia mara moja kwa mwaka, nayo ni bonasi ya KTDA, shirika letu la majani chai, mwezi wa kumi. Kufika Desemba bonasi imeshalipa madeni ya dukani, na kwenye nyumba yenye mvulana aliyemaliza darasa la nane imelipia jando pia. Kisha jua linakaza, majani yanapungua, na shule zinafunguliwa. Ndiyo maana sisi hufanya harambee baada tu ya Krismasi: wenye mishahara wako nyumbani, na bado hawajapanda gari la kurudi.

Kati ya watoto tisa tuliokuwa tukiwachangia, mmoja alikuwa analelewa na bibi yake. Nitamwita Kogo tu, kama tunavyowaita bibi zetu sote. Siku ya harambee watoto wengine walisimama mbele na wazazi wao. Kogo alisimama peke yake, kwa kuwa mjukuu alikuwa bado amefungiwa jandoni na haruhusiwi kuonekana. Mimi nikaligeuza hilo mzaha kwenye kipaza sauti, kwamba huyu mwanafunzi wetu yuko chuo kikuu tayari. Watu wakacheka. Kogo hakucheka, na nilimwona.

Yule mama alikuwa na mpango wake kabla sisi hatujachapisha kadi za mchango. Jirani mmoja alikuwa amekubali tangu Novemba kukodi nusu ya shamba lake la majani kwa miaka miwili, alipe pesa yote mkononi. Aliyekodi huchuma, hupeleka kituoni kwa namba yake mwenyewe, na bonasi ni yake. Pesa hiyo ingetosha karo ya muhula wa kwanza na vitu vyote vya kwenye barua. Zaidi ya hapo Kogo alikuwa amechukua fomu ya basari ya kaunti, akaniletea nimsaidie kuijaza.

Sikuijaza. Nilimwambia, na maneno haya nayakumbuka vizuri kuliko ningependa: "Kogo, hii waachie wasio na mtu. Wewe una sisi." Kuhusu shamba nilimwambia amrudishe yule jirani. Nilikuwa nimeshaongea na kijana wetu mmoja anayefanya kazi Nairobi, akaniahidi kwa simu kwamba mtoto wa Kogo ni wake mwaka mzima.

Siku yenyewe mnada ulinoga. Jogoo mmoja aliuzwa hadi akachoka kubebwa. Kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando, kilinunuliwa, kikarudishwa mezani, kikanunuliwa tena, na kila aliyekirudisha alishangiliwa kuliko aliyelipa. Katikati ya kelele hizo kijana wa Nairobi alisimama akataja elfu hamsini. Nikamuuliza hadharani kama ni taslimu au ahadi. Akasema ahadi. Nikasema, "Ahadi ni deni!" uwanja ukaitikia, na mimi nikaandika hamsini kwenye safu ya pesa.

Daftari langu lilikuwa na safu mbili. Saa tano asubuhi nilikuwa nikizifuata. Saa nane nilikuwa na safu moja. Sababu naifahamu, na haina heshima. Kijiji cha ng'ambo ya mto kilikuwa kimepata laki mbili na nusu wiki iliyotangulia, na kila mtu uwanjani alikuwa na habari hiyo. Nilitaka kutangaza namba itakayovuka ile. Tena nilijidanganya kwamba jumla kubwa huwavuta waliobaki kutoa, jambo ambalo huenda ni kweli, ila waliovutwa nao walitoa ahadi.

Wengine waliniambia wazi, mbele ya watu, "Mwalimu, niandike elfu tano, nitalipa bonasi ikitoka." Bonasi ikitoka! Desemba mtu anaahidi pesa za Oktoba ijayo, kwa ajili ya karo ya Januari, na mimi niliyefundisha hesabu miaka yote ile nikaandika na kujumlisha. Methali tunayoipenda inasema ahadi ni deni. Haijasema ni pesa. Kwenye kitabu chochote cha hesabu deni unalomdai mtu halitoshi kumnunulia mtoto godoro.

Kwenye mabaraza ya kahawa nasikia watu wakisema harambee ziliharibiwa na wanasiasa. Sina haja ya kuwatetea. Sheria ya Maadili ya Maafisa wa Umma ya 2003 ilijaribu kuwawekea mipaka, na Julai 2024, baada ya maandamano ya vijana, Rais Ruto alitangaza kuwapiga marufuku maafisa wa serikali kushiriki harambee. Lakini yetu haikuwa na mwanasiasa hata mmoja. Walioahidi ni watoto wetu, na aliyezigeuza ahadi zao kuwa pesa alikuwa mwalimu mstaafu, mzee wa kanisa.

Wiki ya kwanza ya Januari tulianza kupiga simu. Taslimu tuliyokuwa nayo tuligawanya kwa watoto wanane, kwa kuwa wa tisa, mtoto wa Kogo, alikuwa "ameshashikwa" na kijana wa Nairobi. Kijana alipokea simu ya kwanza, akasema mshahara umechelewa. Ya pili alisema yuko mkutanoni. Baada ya hapo akawa "mteja hapatikani". Simlaumu sana sasa. Nadhani aliahidi kwa ukarimu wa Krismasi, akafika Nairobi akakuta kodi ya nyumba na karo ya wanawe mwenyewe.

Kogo alikuja nyumbani mara kadhaa kuuliza. Na hapa ndipo kosa langu linapoacha kuwa la hesabu. Nilimwambia pesa zimeshatumwa, kwamba M-Pesa ina matatizo na zitaingia wakati wowote. Nilimtazama usoni nikasema hivyo, kisha nikarudia siku nyingine. Ningemwambia ukweli siku ile ya kwanza, angekuwa na wiki moja ya kutafuta. Nilichokuwa nikilinda ni ile laki tatu na elfu arobaini, na jina langu juu yake.

Alipochoka kungoja alimrudia jirani. Jirani alikuwa bado anataka shamba, lakini Januari si Novemba. Alijua kwamba mama huyu ana mtoto anayetakiwa kuripoti. Akatoa pesa zilezile kwa miaka mitatu badala ya miwili. Kogo akatia kidole. Mjukuu alifika shuleni wiki mbili baada ya wenzake, na hiyo fomu ya basari bado imo kwenye droo yangu, tupu, imekunjwa mara mbili.

Ahadi ziliendelea kufa moja moja. Oktoba 2024 niliwafuata wale wa bonasi. Wawili walilipa, na Mungu awabariki, wengine wakasogeza hadi mwaka ujao. Mwaka ukaja. Bonasi ya Oktoba 2025 ilikuwa duni upande wetu wa Bonde la Ufa kiasi cha wakulima wa Bomet na Kericho kuandamana, wakiuliza kwa nini wenzao wa mashariki wanalipwa mara kadhaa zaidi kwa kilo. Nilipomtajia mdaiwa mmoja daftari langu, alinijibu, "Mwalimu, umeiona bonasi yenyewe?" Nilikuwa nimeiona. Nilifunga daftari.

Kogo siku hizi huchuma majani kwa kibarua, kwa kilo, na siku nyingine anachuma kwenye nusu ile ya shamba lake aliyoikodisha. Anabeba kikapu hadi kituoni, kilo zinaandikwa kwenye namba ya jirani, naye analipwa jioni kama mtu aliyetoka kijiji kingine. Nilimkuta hapo kwenye mizani mwezi uliopita. Kamati ilikuwa imenifuata nishike daftari tena Desemba hii, na nilikuwa nimewaambia sitakubali kabla sijazungumza na mtu mmoja.

Nilimwomba tukae pembeni. Nikamwambia yote: kwamba zile za M-Pesa hazikuwahi kutumwa, kwamba nilimwambia uongo mara mbili, kwamba elfu hamsini hazikuwapo hata siku nilipozitangaza.

Aliendelea kupangusa majani yaliyoshika kwenye leso.

"M-Pesa haichelewi wiki tatu, mwalimu," akasema. "Hata mimi nina simu."

Kisha akasema mtoto anaingia kidato cha tatu Januari, na ana deni la muhula uliopita. Akaniuliza kama nimekuja na chochote.

Nilikuwa nimekuja na elfu nne. Alizihesabu mbele yangu, akazihesabu tena.