Mama alihofia shetani, kumbe hatari ni spika

Dadangu mkubwa aliniuliza swali moja tu kabla ya kuniachia mwanawe Jumamosi ile: "Huko mnakoenda kuna usalama?"

Nikamjibu upesi kwamba upo. Tamasha lilikuwa la mchana, katika uwanja wa wazi hapa Nairobi. Vijana wa shule waliruhusiwa wakiwa na mtu mzima, na langoni mikoba ilikuwa ikipekuliwa. Yote hayo yalikuwa kweli. Nisichomwambia ni kwamba sikio langu la kushoto linalia mwaka wa tatu sasa, usiku na mchana, na kwamba mlio huo niliupatia katika matamasha kama hilo nililokuwa nikimpeleka mtoto wake.

Mimi ni shabiki wa muziki wa roki. Nilianza nikiwa kidato cha pili, nikisikiliza redio kwenye simu ndogo chini ya blanketi, sauti ikipanda na kushuka kila nilipogeuka. Nina fulana nyeusi kumi na moja. Chuoni nilikuwa nikikosa chakula cha jioni ili nipate kiingilio. Najua Kenya ni nchi ya benga, rumba na nyimbo za Injili, na kila ninaposema napenda roki lazima mtu aniulize kama nililelewa na Wazungu. Lakini bendi za hapa zipo, na zimekuwepo kwa miaka: Parking Lot Grass, Crystal Axis, na wengine wanaopiga muziki mzito zaidi ya huo.

Fulana yangu ya kwanza Mama aliichoma. Nilikuwa na miaka kumi na sita, na fulana ilikuwa na picha ya fuvu kifuani. Aliitia kwenye jiko la makaa bila kusema neno, na Jumapili iliyofuata mchungaji akaitwa nyumbani kuniombea. Siku hizi simlaumu. Mama alikuwa mwalimu kijana mwaka wa 1994, Rais Daniel arap Moi alipounda tume ya kuchunguza ibada za shetani nchini. Miaka ile uvumi ulienea mpaka shule za bweni, na kila mzazi alikuwa na kisa alichosimuliwa. Mama aliyepitia wakati huo akiona fuvu kwenye kifua cha binti yake, hawezi kuona mchoro tu.

Niliwahi kujaribu kumlainisha. Nilimwambia kuhusu Lord Spikeheart, Mkenya anayepiga metali na kuimba kwa ukelele wa kutisha, ambaye humtaja Shujaa Muthoni wa Kirima kuwa mama mkuu wake. Mama anatoka Nyeri, na Muthoni, mwanamke aliyefikia cheo cha Field Marshal katika Mau Mau, ni mtu ambaye hatajwi kwetu bila heshima. Alipofariki mwaka wa 2023 Mama alivaa kitambaa cheusi siku nzima. Nikamwambia kwamba yule kijana ametoa albamu, The Adept, kwa kumuenzi. Akanyamaza kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Basi angemuimbia taratibu."

Turudi uwanjani. Mpwa wangu ana miaka kumi na sita, mrefu, miwani, mpole hadi inaudhi. Hajawahi kuona bendi ya roki kwa macho yake, ni kwenye simu tu. Tulifika saa tisa. Mafundi walikuwa wakijaribu ngoma, pigo moja moja, na kila pigo likimgonga kifuani akawa ananitazama kama anayeuliza ikiwa ni kawaida.

Ni kawaida, na ndiyo sababu hasa ya kwenda. Kwenye simu unasikia wimbo. Pale uwanjani gitaa la besi linapita kwenye nyayo na kupanda mpaka mbavuni, unahisi shati likitikisika mgongoni. Mpiga ngoma anapoinua vijiti na kuvishikilia hewani, watu mia kadhaa wanakata pumzi pamoja naye, na vikishuka, mnashuka wote. Nimejaribu mara nyingi kumweleza mtu asiyependa roki jinsi kelele nyingi namna ile zinavyoweza kutuliza moyo. Sijafaulu. Ninachojua ni kwamba nilikwenda kwenye onyesho wiki moja baada ya kumzika babangu, nikapiga kelele saa mbili mfululizo katikati ya watu nisiowajua, na usiku huo ndio wa kwanza niliolala.

Crystal Axis walipopanda, tulikuwa safu ya nne. Wana wimbo kuhusu Nyayo House, lile jengo refu ambalo wengi wetu tunalijua kwa foleni ya pasipoti. Chini yake, miaka ya themanini, kulikuwa na vyumba vya giza ambamo wapinzani wa serikali waliteswa. Mpwa wangu hakujua. Alikuwa amekwenda pale mwaka jana na mamake kuchukua pasipoti, wakanunua mahindi ya kuchoma nje. Nilimwelezea kwa kumpigia kelele sikioni kati ya wimbo mmoja na mwingine, naye akabaki mdomo wazi. Hilo nalo ni muhimu kwa wazazi wanaouliza nyimbo hizi zinasema nini. Ukitoa ukelele, mara nyingi kuna somo la historia ndani yake, na gumu kuliko lile la darasani.

Kisha duara likafunguka katikati ya watu. Wasiojua wakiona vijana wanarukiana na kusukumana kwa mabega hudhani ni ugomvi. Sheria yake ya kwanza ni moja: mtu akianguka, kila aliye karibu anasimama na kumwinua. Kabla sijamshika mpwa wangu alikuwa keshaingia. Nikaona kichwa chake, nikaona mkono, halafu sikuona kitu. Moyo ulinipasuka. Nikamwona dadangu mbele yangu akiniuliza kuhusu usalama. Sekunde mbili hazikupita, mikono sita au saba ilikuwa imemnyanyua, na msichana mwenye pete puani akawa ameinua miwani juu kabisa akiuliza ni ya nani. Haikuvunjika. Kijana alitoka akicheka, kiwiko kimechubuka, na uso ambao sijauona kwake tangu wazazi wake watengane.

Kwa hiyo shetani simjui, lakini hofu ya kukanyagwa naielewa. Hata hivyo, ningeulizwa tena lile swali la usalama, singeanzia hapo. Ningeanzia kwenye yale makabati meusi mawili yaliyosimama pande zote za jukwaa.

Niliyapima. Nina programu ya kupima kelele kwenye simu, si kifaa cha maabara, lakini inakupa picha. Nyuma kwa mafundi ilisoma desibeli 98. Safu ya nne ilisoma 106. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema mtu mzima anaweza kusikiliza sauti ya desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki bila kujiumiza, na kwa watoto linashauri kiwango kishuke hadi 75. Ubaya ni kwamba hesabu yake haiendi kama ya kilo za unga. Kila desibeli 3 zikiongezeka, muda unakatwa nusu. Ukifika 100 umebakiwa na dakika 20 hivi kwa wiki nzima. Ukifika 106, dakika 5. Bendi moja hupiga dakika arobaini. Mwaka wa 2022 shirika hilo lilitoa mwongozo kwa kumbi na matamasha: wastani usizidi desibeli 100 ukipimwa kwa dakika 15, kuwe na mahali tulivu pa kupumzisha masikio, na watu wapatiwe vizibo.

Ndani kabisa ya sikio, kwenye kifuko kilichojisokota kama konokono, kuna seli zipatazo 15,000 zenye vinywele vidogo mno vinavyoyumba sauti inapopita na kuupelekea ubongo habari. Kelele kubwa huvilaza kama upepo unavyolaza mtama. Vingine huinuka tena baada ya saa kadhaa, ndiyo maana masikio huziba baada ya onyesho kisha yakafunguka. Seli zilizokufa hazioti tena kwa binadamu.

Hayo yote niliyajua. Nimeyaandika katika magazeti, na miezi miwili baada ya kuyaandika nilikuwa ukumbini usiku, bega kwa bega na spika, bila chochote masikioni, kwa sababu niliona vizibo ni vya watu wasioupenda muziki kikweli. Niliamka asubuhi na mlio mwembamba kama wa runinga ya zamani iliyoachwa ikiwaka chumba cha pili. Nilingoja uishe. Nilingoja miezi minne kabla ya kumwona daktari, mimi ninayewaambia wasomaji kila wiki wasichelewe. Kwenye kile chumba kidogo cha kupimia masikio nilibonyeza kitufe kila niliposikia sauti, na mchoro ulipotoka, mstari wa sikio la kushoto ulikuwa umeporomoka penye sauti nyembamba, karibu na hezi 4,000. Daktari alisema ndiyo alama ya kelele. Hana dawa ya kuuondoa. Siku hizi nalala na feni ikizunguka hata Julai, na kwenye mikutano ya wanahabari huketi ili msemaji awe kulia kwangu, la sivyo "s" na "f" zinanipotea.

Safari hii nilikuja na jozi mbili za vizibo vya povu. Nilimfundisha kijana getini: unakisokota kiwe chembamba, unavuta sikio juu kwa mkono wa pili, unakiingiza, unakishikilia mpaka kifure. Pamba na karatasi ya chooni hazisaidii. Nilivaa vyangu kwa aibu kidogo, nikitazama kama kuna mtu ananiona. Nikashangaa. Besi ilibaki kifuani palepale ilipokuwa, lakini maneno ya nyimbo, ambayo kwa miaka nilikuwa nikiyakisia, niliyasikia.

Karibu na spika ya kulia alisimama baba mmoja na binti wa miaka mitatu hivi mabegani, masikio wazi. Nilisita. Nani anataka kufunzwa ulezi na mtu asiye na mtoto? Mwishowe nikaenda nikamwonyesha simu. Akacheka, "Anapenda sana huyu!" Nikamwambia naona. Baada ya wimbo mmoja nilimwona amehamia nyuma kabisa kwenye nyasi.

Na kabla mtu hajasema hayo ni ya roki: mwezi uliopita nilikwenda kanisani na Mama, nikatoa simu ile ile wakati wa nyimbo za sifa. Desibeli 97, na watoto wa Shule ya Jumapili wameketishwa mbele, hatua nne kutoka spika. Matatu tuliyorudi nayo ilifika 95, na mpwa wangu hupanda za namna hiyo mara mbili kwa siku kwenda shule. Mama aliniambia niiweke simu, tuko nyumbani mwa Bwana.

Kwenye wimbo wa mwisho niligeuka nikaona kijana ametoa vizibo. Alikuwa amevishika kwenye ngumi, mikono juu, macho yamefumbwa. Nilijua hasa alichokuwa akikitafuta. Niliinua mkono nimguse, nikaurudisha. Ulikuwa wimbo wa dakika nne. Sijui kama nilifanya vyema.

Ndani ya teksi aliniambia kwa sauti kubwa kupita kiasi, "Anti, masikio yanalia."

Nilimwambia mara nyingi huisha ndani ya siku moja, akae mahali tulivu, asivae spika za masikioni, na ukipita siku mbili twende kwa daktari bila kungoja. Nilisema kwa utulivu wa kazi yangu. Usiku sikulala, na si kwa sababu ya mlio wangu. Saa moja asubuhi nilimuandikia: "Bado?" Akajibu, "Kidogo." Saa tatu: "Kidogo." Saa tano hakujibu, nikadhani mabaya, kumbe alikuwa amelala. Saa saba kasorobo likaja neno moja: "Umeisha."

Jioni dada alipiga simu kuuliza kilichompata kiwiko. Nilimweleza kuhusu duara, na ile mikono, na miwani. Kisha nikamweleza mengine yote, pamoja na sikio langu na ule wimbo wa mwisho. Alikaa kimya nikadhani amekata. Halafu akauliza vile vizibo vinauzwa wapi. Nikamwambia maduka ya dawa huwa navyo, vya povu si ghali, na nikaongeza kwamba anunue jozi tatu, moja ya Mama.