Saa ya Ukutani Inayosubiri Wimbi Lisilofika Meru

Miongoni mwa zawadi ambazo Wakenya wanaoishi Ujerumani, Uingereza na Marekani huwapelekea wazazi wao Meru, Tharaka-Nithi na Embu, imo saa ya ukutani inayoongozwa na redio, yaani saa yenye kipokezi kidogo ndani yake kinachosikiliza mawimbi ya kituo maalumu cha serikali na kurekebisha mishale bila mtu kuigusa. Saa hii, ambayo ughaibuni huaminiwa kuliko saa nyingine yoyote nyumbani, ikifika Nkubu au Runyenjes huenda ikasimama mishale yake yote ikielekea 12, au ikatembea vizuri huku ikionyesha wakati usiolingana na wa jirani yeyote. Kwa kuwa ni mpya na betri yake pia ni mpya, wenye nyumba huiona mbovu na kuiweka kabatini, ilhali haina ubovu wowote.

Ujerumani, wakati rasmi hutunzwa na taasisi ya taifa ya vipimo, PTB, iliyoko mjini Braunschweig, kwa saa za atomiki, ambazo huhesabu mitikisiko ya atomi za elementi ya sesiamu. Tangu mwaka 1967 sekunde moja imefafanuliwa kimataifa kuwa mitikisiko 9,192,631,770 ya aina hiyo. Wakati huo hurushwa hewani na kituo kiitwacho DCF77, kilichoko Mainflingen karibu na Frankfurt, kwa wimbi refu la kilohezi 77.5, yaani mitikisiko 77,500 kwa sekunde. Kila sekunde, isipokuwa ya mwisho wa dakika, nguvu ya wimbi hupunguzwa kwa kitambo kifupi au kirefu kidogo. Kile kifupi huhesabiwa kuwa sifuri na kile kirefu kuwa moja, na mfululizo wa tarakimu hizo kwa dakika nzima ndio unaotaja dakika, saa, siku na mwaka. Uingereza ina kituo cha MSF, ambacho kilihamishwa kutoka Rugby hadi Anthorn mwaka 2007, na Marekani ina WWVB huko Fort Collins, Colorado. Vyote viwili hutumia kilohezi 60.

Kwa sababu saa hulazimika kusikia angalau dakika moja nzima isiyo na kasoro, na nyingi husubiri dakika kadhaa ili zilinganishe, mtu wa Ulaya ambaye saa yake imekataa kujirekebisha ana orodha ya mambo ya kuchunguza, nayo inafaa kuelezwa kwa kirefu kwa kuwa ndiyo ambayo jamaa wa nyumbani husomewa kwa simu. Kwanza hubadilisha betri, kwa kuwa betri dhaifu huweza kusukuma mishale lakini ikashindwa kulisha kipokezi. Pili huiondoa saa karibu na televisheni, chaja za simu na taa za LED, ambazo hutoa kelele ya umeme inayofunika wimbi dhaifu. Tatu huitoa kwenye ukuta wa zege lenye nondo au chini ya bati, kwa kuwa chuma huzuia wimbi, na kuisogeza dirishani. Nne huigeuza, kwa kuwa antena yake ni kijiti cheusi cha feraiti kilichozungushiwa waya mwembamba wa shaba, na kijiti hicho husikia vizuri kikiwa kimekingama mbele ya wimbi na karibu hakisikii kitu ncha yake ikielekea kituoni. Mwisho huiacha usiku kucha, kwa kuwa mawimbi marefu husafiri mbali zaidi gizani, na ndiyo maana saa nyingi zimepangwa kusikiliza kati ya saa saba na saa kumi usiku. Hata Marekani kwenyewe, Mkenya aliyeko Lowell, Massachusetts, zaidi ya kilomita 2,500 kutoka Fort Collins, huenda asipate chochote mchana na akaikuta saa imejirekebisha alfajiri.

Ushauri huo wote ni sahihi, na wote hauna faida Meru. DCF77 huaminika kufika kilomita zipatazo 2,000, na MSF kilomita zipatazo 1,500, ilhali kutoka Frankfurt hadi miteremko ya Mlima Kenya ni zaidi ya kilomita 6,000. Barani Afrika hakuna kituo cha wimbi refu cha kuendesha saa za aina hii, kwa hiyo kuihamisha saa kutoka sebuleni hadi dirishani, au kuiacha nje usiku huko Chogoria, ni kumtafutia mgonjwa dawa ya maradhi asiyokuwa nayo. Mtindo wa kusimama kwenye 12 nao una maelezo yake. Betri ikiingizwa, mashine huizungusha mishale hadi mahali inapopajua, mara nyingi 12, kisha hutega sikio. Isiposikia kitu, aina nyingine huanza kutembea kutoka hapo na aina nyingine husimama ili zisimalize betri. Saa iliyosafirishwa na betri ndani hufanya jambo jingine linalopotosha zaidi, nalo ni kuendelea kuhesabu wakati wa Ujerumani, ambao uko nyuma ya wa Kenya kwa saa 2 majira ya baridi na saa 1 majira ya joto, au wa Uingereza, ulio nyuma kwa saa 3 na 2.

Jambo ambalo halifikiriwi vya kutosha ni shida ambayo saa hii iliundwa kuitatua. Ulaya husogeza saa mbele Jumapili ya mwisho ya Machi na kuirudisha nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba, kwa sababu urefu wa mchana hubadilika sana kati ya majira, na mwenye saa tano nyumbani hushukuru zikijisogeza zenyewe. Mstari wa Ikweta huikata barabara kati ya mji wa Meru na Nkubu; mchana wa huko hukaribia saa kumi na mbili mwaka mzima, na jua huchomoza takriban kati ya saa 12:10 na 12:40 asubuhi, iwe Januari au Julai. Kenya haisogezi saa zake. Kwa hiyo sifa kubwa ya saa hii haina kazi ya kufanya hapa, na inayobaki ni usahihi wa sekunde, ambao mkulima wa chai anayewahi lori kwenye kituo cha kununulia, au mfungaji wa miraa wa Maua anayekimbizana na gari la Nairobi, hauhitaji, kwa kuwa anachohitaji ni dakika.

Dakika hizo watu wa nyumbani wamezipata kwa njia yao miaka mingi. Taarifa ya habari ya redio, inayosomwa saa inapotimia, ilitumiwa na wazee kurekebishia saa za mkononi na za ukutani, na leo simu ya mkononi hupokea wakati kutoka kwenye mtandao wake wa mawasiliano bila mwenyewe kujua. Saa ya kawaida ya kwazi, yaani ile inayoongozwa na kipande cha fuwele kinachotikisika kwa umeme wa betri, hukosea kwa sekunde chache hadi nusu dakika kwa mwezi. Mtu akiilinganisha na simu mara moja kila baada ya miezi miwili au mitatu, hakosi ibada wala basi. Utaratibu huu haupaswi kuhesabiwa kuwa wa kimaskini, kwa sababu unatosheleza hitaji lililopo, na kwa Kenya kujenga mnara wa wimbi refu sasa, wakati simu imo karibu kila nyumba, kungekuwa kupoteza fedha.

Saa iliyokwisha kufika haistahili kutupwa. Mara nyingi nyuma yake, kwenye kisanduku cheusi cha plastiki, pana vitufe vidogo, kimoja kikiwa na maandishi M.SET. Betri ikiingizwa na mishale ikitulia, kitufe hicho hubanwa kwa sekunde chache, kisha hubanwa tena hadi mishale ifikie wakati wa simu, na kuanzia hapo saa hutembea kama kwazi ya kawaida, ijapokuwa kila usiku itaendelea kutafuta wimbi na kula betri mapema kidogo. Isiyokuwa na kitufe hicho inaweza kupelekwa kwa fundi saa, ambaye huitoa mashine ya ndani na kuweka ya kawaida. Kipenyo cha mhimili kikitofautiana, mishale pia hubadilishwa, na uso wa saa, ambao aghalabu ndio uliompendeza mzazi, hubaki. Zipo pia programu za simu zinazoiga wimbi la kituo kupitia spika, simu ikiwekwa karibu sana na saa, lakini kumtaka mzee wa miaka themanini afanye hivyo kila mara si msaada kwake.

Kwa hiyo anayefunga mzigo Frankfurt, London au Minneapolis aigeuze saa kabla ya kuinunua na kutazama kama imeandikwa DCF, MSF, WWVB au maneno yanayotaja redio. Ikiwa imeandikwa hivyo na haina kitufe cha kurekebishia kwa mkono, aiache dukani, achukue ya kwazi ya kawaida yenye tarakimu kubwa zinazosomeka kutoka upande wa pili wa sebule, na aweke betri za akiba kwenye boksi lilelile.