Siku ya Barieri ya Mvua



Wengi wetu tunaijua mvua kwa kulowa tu. Lakini wale wanaosafiri na mizigo wanaijua kwa mti mmoja mrefu unaofunga njia: barieri ya mvua. Siye tuliona maana yake mwisho wa mwezi wa 8, mwaka 2022, na tunapenda kuwasimulia.

Tulikuwa tunatoka kijijini kwa mama yetu, ndani ya vilima vya Lubero, kuelekea Butembo. Watu wa mbali wakisikia kama ikweta inapita karibu na Butembo, wanafikiri kule ni joto tu. Waje waone! Lubero iko karibu mita 2.000 juu, na siku ya mvua mutu anatetemeka kama mgonjwa. Ndani ya kamyo tulikuwa na Papa, Mama, nyanya na siye watoto watatu, pamoja na mifuko 12 ya viazi vya kizungu na mafungu ya puaro. Hiyo yote ilikuwa minervali yetu. Soko lilikuwa kesho yake asubuhi, na masomo yalikuwa yanaanza juma lililofuata.

Kufika saa tano mvua ikamwagika. Mzee mlinzi wa barieri alikuwa amekwisha kuteremsha mti. Shofere akamwomba: « Mzee, utufungulie, siye tuko wepesi. »

Mzee akajibu: « Mtoto wangu, mbele ya barieri kila kamyo iko nyepesi. Hata mvua ikiisha, mtangojea njia ikauke kwanza. »

Mama akamwambia Papa polepole: « Tumupatie kitu kidogo. Puaro haingojei. »

Papa akasema: « Na mwaka kesho, puaro yako itapita njia gani? »

Mama alinyamaza, lakini tuliona hakukubali.

Tukajibana wote ndani ya kibanda cha mzee. Nyanya akafungua mfuko mmoja, akatia viazi katika majivu, tukala pamoja na mzee na shofere. Ndipo mzee akatufasiria. Njia ya udongo ikikauka ni ngumu kama tofali. Ikilowa, gurudumu la kamyo linaikata. Mvua ya pili ikija, maji yanaacha mfereji wa pembeni, yanafuata ule mkato, yanauchimba. Kisha majuma machache ni korongo. Na mashini ya kulitengeneza haiko karibu. Ni watu wa kijiji na majembe yao.

Saa nane, mzee alipokwenda kufunga mbuzi wake, shofere wa kamyo ingine akanyanyua mti yeye mwenyewe akapita. Siye tulifunguliwa saa kumi. Hatukumaliza hata kilometa mbili, tukaikuta ile kamyo imezama katikati ya njia, imefunga kila kitu. Tulichimba, tukakata matawi ya mikalitusi tukayatia chini ya magurudumu, wote na matope mpaka kichwani. Usiku ukatukuta palepale.

Tulifika Butembo kesho yake saa sita, soko linaisha. Viazi havikuwa na neno, lakini puaro ilikuwa ya manjano, ikauzwa chini ya nusu ya bei. Feza zilitosha watoto wawili. Dada yetu mkubwa, aliyekuwa darasa la sita, aliingia shule kisha majuma matatu, wakati Mama alipouza maharagi. Majuma matatu kwa mwanafunzi anayetazamia Egzame ya Serikali si kitu kidogo.

Hata leo Mama anasema kungojea kule kulituuza. Hatuwezi kumwambia kwamba anasema uongo. Lakini mwezi wa 12 tulirudia njia ileile. Pale kamyo ilipozama palikuwa shimo, na wamama wenye mizigo mgongoni walizunguka ndani ya shamba la mutu, wakikanyaga maharagi yake. Chukudu haikuweza kupita kabisa. Karibu na barieri, mahali kamyo nyingi zilingojea, njia ilikuwa sawasawa, na hakuna mutu aliyeshangaa wala kusema asante. Mwenye kungojea haachi alama.

Wenzetu, likizo iko karibu, na mvua pia. Mkiikuta barieri imefungwa, msimtukane mzee. Mumsalimie, mumwombe moto, na mtoe viazi.