Ule Weusi wa Kioo cha Simu

Wasee, geuzeni simu muone ule ukingo mweusi wa kioo. Ni rangi, imepakwa kwa ndani kuficha nyaya na gundi, na kuzuia mwanga usivuje. Kwa kioo bapa, kuipaka ni rahisi. Kwa kioo kilichopinda ndipo kuna balaa: rangi ngumu hupasuka kwenye mpindo, isiyoshika vizuri hubanduka na gundi. Mimi nikinunua kioo cha kubadilisha, nakimulika na tochi kwanza. Mwanga ukipenya weusi, sichukui.

Athi River, hapa hapa kaunti yetu ya Machakos, kiwanda cha EADAK kilifunguliwa Oktoba 2023 kuunganisha simu za Neon. Poa sana. Lakini kuunganisha pekee hakutoshi, bana. Hiyo rangi nataka ipakwe na vijana wa Mlolongo.