Kipande kilicholala chini ya kitanda changu

Wiki hii ni zamu yangu kuandika. Wengi mnaandika juu ya njia tuliyopita mpaka tukafika huku. Mimi naandika juu ya kazi, na juu ya usiku mmoja ambao sijawahi kuuelezea hata kwa mama yangu.

Tulivuka Gatumba mwezi wa 6, 2004, wakati wa vita vya Bukavu. Nilikuwa na miaka tisa. Mwezi wa 8, usiku wa tarehe 13, kambi ya Gatumba ilivamiwa na wakimbizi wenzetu zaidi ya 150 wakauawa, wengi wao Banyamulenge. Sisi tulikuwa tumeshaingia mjini, tumepanga chumba kimoja Gihosha. Nakumbuka mama alikaa mlangoni mpaka asubuhi, radio sikioni. Tangu siku ile bunduki kwangu si kitu cha filamu.

Nilipoacha shule kwa sababu ya pesa, muzee mmoja jirani alinichukua kazini. Na yeye ni mkimbizi, mtu wa Lubumbashi, huko alifanya kazi miaka mingi kwenye karakana ya kutia kromu. Hapa Gihosha alikuwa anafanyia kazi nyuma ya nyumba yake, chini ya mabati, upande wa bonde la Nyabagere. Mabeseni ya plastiki, betri za gari, chaja, nyaya. Wateja walileta vioo vya pikipiki, usukani wa baiskeli, robine, wakati mwingine bampa ya gari la zamani.

Watu wanafikiri kromu ni kuchovya tu chuma kwenye dawa kikatoka kinang'aa. Hapana! Kazi yenyewe ni kusugua. Siku nzima unasugua kwa msasa, unaosha, unasugua tena, maana kromu haifichi mkwaruzo, inauonyesha zaidi. Halafu inakuja nikeli, na kromu ndiyo ya mwisho, nyembamba kuliko unywele mara nyingi sana. Muzee alikuwa ananiambia, "Petit, kama umesugua vibaya, kila mtu ataona."

Kitu ambacho hakuniambia, au labda na yeye alikijua amechelewa, ni mvuke. Lile beseni la kromu likifanya kazi linatoa vipovu, na vipovu vinapasuka vinakuwa ukungu wa asidi. Sisi tulifunga kitambaa puani. Kitambaa! Muzee alikuwa anatoka damu puani kila wiki. Mwaka 2014 alienda hospitali, daktari akamulika ndani ya pua akakuta tundu kwenye ule ukuta wa katikati. Baadaye nilisoma kwamba ni ugonjwa unaojulikana wa watu wa kazi hii tangu zamani, na kwamba kromu ya kwenye lile beseni, wanayoiita kromu sita, Shirika la Afya Duniani linaihesabu kati ya vitu vyenye uhakika wa kuleta saratani ya mapafu. Chuma kikishamalizika hakina shida, unaweza kukishika. Shida ni ile dawa, na maji yake. Maji yetu tulimwaga bondeni. Naandika hivyo kwa aibu, lakini ndiyo ukweli.

Basi, siku muzee yuko hospitali, mtu akaja jioni. Simjui, hakusema jina. Alikuwa na kitenge kimefungwa. Akakifungua juu ya meza ya kazi: vyuma vinne, vina kutu. Kimoja nilikitambua palepale, ni kile kifuniko cha juu cha Kalashnikov. Nani kati yetu asiyekijua?

Nikamwambia, "Grand, hii ni bunduki."

Akacheka. "Wapi bunduki? Unaona bunduki hapa? Ni vyuma tu. Nataka ving'ae, na kutu isirudi."

Akataja pesa. Ilikuwa kodi ya nyumba ya miezi mitatu. Sisi tulikuwa na deni la miwili, na mama alikuwa ameshaambiwa na mwenye parseli kwamba mwisho wa mwezi tutoke.

Ningependa kuwaandikia kwamba nilikataa. Sikukataa. Nilisema, "Acha, nitamuuliza muzee." Akaacha. Nikavipeleka nyumbani nikaviweka chini ya kitanda, na mdogo wangu amelala juu ya kitanda hichohicho.

Sikulala. Nilipiga hesabu zote. Nilijiambia mimi si mwenye bunduki, mimi ni fundi, kama fundi nguo anavyomshonea askari suruali. Nilijiambia nikikataa atapata mwingine. Halafu nikawaza: polisi wakipita usiku huu kusaka, nitasema nini? Burundi ina sheria ya silaha ndogo tangu mwezi wa 8, 2009. Mkimbizi wa Kikongo, kijana, anakutwa na vipande vya Kalashnikov chini ya kitanda. Nani atasikiliza hadithi ya kromu?

Muzee alirudi asubuhi, pua imejazwa pamba. Nikamwonyesha. Hakupiga kelele. Alikaa chini kwenye dumu, akauliza, "Vililala wapi?" Nikamwambia. Akanyamaza muda mrefu, kisha akanifundisha jambo ambalo nililihakikisha baadaye kwa kusoma. Kalashnikov iliingia jeshi la Kisovieti 1949, na mtutu wake kwa ndani umetiwa kromu kiwandani. Si kwa urembo. Ni ili usiliwe na kutu na usichakae haraka kwa moto wa risasi. Ndiyo sababu moja inayofanya silaha iliyoletwa kwa vita moja iendelee kufanya kazi kwenye vita ya pili na ya tatu. Watu wanazeeka, wanasameheana, wanasaini mkataba kama ule wa Arusha wa 2000, na chuma bado kinangoja.

"Mimi natia kromu ili kitu kiishi," akasema. "Hiki sitaki kiishi."

Yule mtu aliporudi, muzee alimrudishia kitenge chake vilevile kilivyofungwa. Akatutukana, akasema wakimbizi hatuna shukrani, akaondoka. Kodi hatukulipa. Tulihama mwisho wa mwezi, tukaenda kukaa kwa shangazi, watu tisa vyumba viwili.

Sasa nakuja kwenye sehemu inayoniuma. Tulimrudishia. Hatukupeleka polisi, kwa sababu tuliogopa kwamba sisi ndio tutakaobaki ndani. Mwishoni mwa 2009 kulikuwa na kampeni hapa, raia wanarudisha silaha na kupewa vitu kama simenti, bila kushtakiwa. Mwaka 2014 mimi sikujua mlango wa namna hiyo. Nilijua milango miwili tu, wa yule mtu na wa polisi. Mwezi wa 4, 2015, maandamano yalipoanza na usiku ukajaa milio, nilikuwa nalala chini sakafuni najiuliza kama vile vyuma vinne viko kwenye milio ile. Mpaka leo najiuliza.

Kwa ndugu zetu mnaofanya kazi kwenye mashirika, nina maombi mawili. Mnapowapa vijana mafunzo ya ufundi, msiwape vifaa vya kazi peke yake, wapeni na barakoa ya kweli, na mwambieni mtu mapema dawa ipi inakula pua. Na mkizungumzia silaha, tuambieni mkimbizi akiletewa kitu kama kile anampigia nani simu bila kuogopa kwamba yeye ndiye atakayefungwa.

Kwa vijana wenzangu: yule mtu anakuja siku huna kodi. Haji siku umeshiba. Kwa hiyo usingoje afike ndipo uanze kufikiri. Ongea na fundi wako leo, mkubaliane ni kazi gani hamfanyi.

Muzee aliacha kazi mwaka uleule. Mapafu yalikataa. Mimi sasa ninachomelea milango na madirisha. Beseni la kromu nililikuta juzi nyuma ya nyumba yake, limepasuka. Usukani mmoja wa baiskeli, wa mteja ambaye hakurudi, bado umeninginia ukutani. Niliufuta vumbi kwa mkono. Unang'aa bado.