Miti Ilikuwa Chini ya Majembe Yetu

Mimi ni mkulima wa uwele, mtama na karanga katika Wilaya ya Chamwino, mkoani Dodoma. Natoa ushuhuda huu kwa sababu shamba letu limebadilika, na kilicholibadilisha hakikununuliwa dukani wala kuletwa na lori la msaada.

Asiyeijua Dodoma aijue kwanza mvua yetu. Tuna msimu mmoja tu, Desemba hadi Aprili, na kwa mwaka hupatikana kama milimita 500 hadi 600. Baada ya hapo ni kiangazi, zaidi ya nusu ya mwaka. Njaa si hadithi ngeni kwetu Wagogo. Wazee walitusimulia Mtunya, njaa iliyoanza 1917, pale majeshi ya Wajerumani na Waingereza yalipochukua nafaka na ng'ombe kwa ajili ya vita vyao, kisha mvua nayo ikagoma. Sisi wenyewe tunaukumbuka ukame wa 2006. Na siku hizi mvua haieleweki: inachelewa, inakatika uwele ukiwa magotini, halafu inarudi kwa kishindo na kuondoka na udongo kuelekea korongoni.

Nilipoolewa, mama mkwe alinifundisha kuandaa shamba kama alivyofundishwa yeye. Kila kichaka kilifyekwa, kila chipukizi lilikatwa, takataka zikakusanywa na kuchomwa moto. Mchapakazi alijulikana kwa shamba jeupe, lisilo na kitu mpaka mpakani. Mwezi wa kumi, upepo ulipovuma, vumbi la mashamba hayo liliingia hadi kwenye vyungu. Mvua ya kwanza ilikuta ardhi ngumu, ikapita juu yake.

Miti tulihimizwa kupanda, na tulipanda. Miche ilitolewa, mashimo yakachimbwa, viongozi wakaja. Kisha kiangazi kikafika, na maji ya kumwagilia yalikuwa yale yale ya ndoo ninayobeba kichwani kwa ajili ya watoto na mbuzi. Mche hauwezi kushinda shindano hilo.

Kuanzia 2018 shirika la LEAD Foundation, likishirikiana na Justdiggit la Uholanzi, lilianza kueneza njia ya Kisiki Hai katika vijiji vya mkoa wetu. Kwetu mafunzo yalifika kupitia mkulima mwenzetu wa kijiji jirani. Alituuliza swali moja ambalo bado nalitafakari: vichaka mnavyokata kila mwaka, mbona huchipua kiangazi, wakati hakuna tone la mvua?

Jibu lilikuwa chini ya miguu yetu. Mti ukikatwa, mizizi yake mara nyingi hubaki hai kwa miaka mingi, nayo imeshafika kwenye unyevu ambao mche mpya hauwezi kuufikia. Migunga, mikwaju na mitundulu ilikuwa bado ipo shambani, ikisubiri jembe liiache.

Kazi yenyewe ni nyepesi. Unachagua kisiki, unabakiza machipukizi machache yaliyonyooka na yenye nguvu, mengine unayakata. Unapogoa matawi ya chini ili nguvu iende juu. Unafunga kitambaa kuwa alama, anayepita ajue kuwa mti huu una mwenyewe. Kisha unaulinda. Njia hii aliieneza Tony Rinaudo, mtaalamu wa kilimo kutoka Australia, katika eneo la Maradi nchini Niger tangu miaka ya 1980, na nchini humo zaidi ya hekta milioni 5 zimerudiwa na miti. Niger ni kame kuliko Dodoma. Nilipoambiwa hivyo nilipata moyo.

Si wote walioupata. Jirani yetu alisema miti italeta kweleakwelea, na kila mkulima wa uwele anajua ndege hao wakitua shamba limekwisha. Hoja yake ilikuwa ya haki. Ndiyo maana hatuachi vichaka vizito: tunapogoa kila mwaka, kivuli kiwe chepesi na jua liufikie uwele. Na ndege bado tunawafukuza, kama zamani.

Kazi ngumu ilikuwa mifugo. Kwa desturi yetu, mavuno yakishatoka kila shamba huwa malisho ya wote. Ng'ombe na mbuzi huingia kula mabua, na chipukizi bichi ndilo huliwa kwanza. Nilikwenda kwa mzee mmoja mwenye mifugo mingi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kunikataza malisho?"

"Hapana, mzee. Nimekuja kuomba tuyaongeze."

Nilimweleza habari ya maganda ya mgunga, ambayo mbuzi huyagombania kiangazi nyasi zinapokwisha. Ukiuacha mti ukue, unalisha miaka mingi. Ukiuacha uliwe ukiwa mchanga, umelisha asubuhi moja. Alisikiliza, na kwenye mkutano mkuu wa kijiji alisimama yeye mwenyewe kutuunga mkono. Tukakubaliana njia za kupitishia mifugo, mashamba ya kupumzishwa, na faini kwa anayekata mti wenye alama. Halmashauri za vijiji zina mamlaka ya kutunga sheria ndogo tangu Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1982. Mamlaka hayo tulikuwa nayo siku zote, tukayatumia kwa ugomvi wa mipaka tu.

Leo migunga yetu imenipita kimo. Majani huanguka na kufunika udongo, upepo haubebi tena mbegu tulizopanda. Kwenye mteremko tumechimba makinga maji ya fanya juu, yaani mitaro ambayo udongo wake hutupwa upande wa juu, na mvua ya kishindo huzama badala ya kukimbia. Matawi tunayopogoa ni kuni, hivyo binti yangu hatembei tena nusu siku porini kuzitafuta. Mlenda wa mwituni umerudi kandokando ya shamba.

Ukame haujatuacha, na iko miaka ghala halijai. Lakini mvua ikikatika wiki mbili, uwele wetu ulio karibu na miti hunyauka baadaye kuliko ule wa mahali peupe, na mara nyingi siku hizo ndizo zinazotofautisha kuvuna na kutovuna.

Wewe mkulima mwenzangu wa Singida, Shinyanga, Kitui au kwingine kukavu, kabla hujafyeka msimu huu, zunguka shamba lako na utazame nini kinachipua bila kumwagiliwa. Kisha waite majirani wenye mifugo mzungumze mapema, kabla ya mavuno. Kupogoa utajifunza kwa siku moja; makubaliano ndiyo yatakayoifanya miti yako iwe hai mwakani.