Upepo wa Gari Katika Picha

Aliyekulia Mbeya katika miaka ya sitini hakuhitaji kusafiri ili ayaone mashindano ya magari, kwani mbio zilipita mlangoni pake usiku na mchana. Baada ya walowezi wa Rhodesia kujitangazia uhuru wao wa dhuluma mwezi Novemba 1965, na Zambia kukatiwa njia yake ya mafuta upande wa kusini, malori yalianza kuyachukua mafuta hayo katika mapipa kutoka bandari ya Dar es Salaam, yakapanda mlima wa Kitonga, yakapita Iringa, Makambako na Chimala, hata yakafika kwetu Uyole, ndipo yakashika njia ya Tunduma; na kwa kuwa barabara ile, kabla ya kutiwa lami, ilikuwa vumbi tupu wakati wa kiangazi na utelezi wakati wa mvua, wageni waliipa jina la mbio za Jehanamu, wala hawakutia chumvi. Sisi watoto tulisimama ukingoni, tukajifunza jambo ambalo nimelitumia umri wangu wote katika kazi ya picha: kwamba jicho halioni kasi katika gari lenyewe, bali huisoma katika vitu ambavyo gari huviacha nyuma, yaani vumbi lililoinuka, majani yaliyolala, na mwenda kwa miguu aliyeshika kofia yake isipeperushwe.

Maarifa hayo yalipata sura ya kazi nilipopelekwa Iringa kwa mjomba wangu, Mungu amrehemu, aliyekuwa na studio ya picha karibu na soko. Ukutani, mahali ambapo wenye studio wengine hutundika picha za maarusi, yeye alibandika picha aliyoikata gazetini ya Peugeot 404 ya Bert Shankland, dereva wa kwetu Tanzania, aliyeshinda mbio za Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1966 na kuirudia tena 1967, pamoja na msaidizi wake Chris Rothwell. Mashindano yale yaliasisiwa mwaka 1953, kwa kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza, yakapita Kenya, Uganda na Tanganyika katika barabara za kila siku, zenye mashimo, mifugo na mito iliyofurika. Na ukali wake ulikuwa wa kadiri hii, kwamba mwaka 1963, na tena mwaka 1968, magari saba tu ndiyo yaliyofika mwisho. Waliozipiga picha mbio hizo walipata ndani yake chuo kisicho na ada: Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943 na kukulia Dar es Salaam, na ambaye baadaye picha zake za njaa ya Ethiopia zilitikisa ulimwengu, alianza kuifuata Safari kwa kamera akiwa bado mwanafunzi.

Katika picha ile ya ukutani gari lilionekana dhahiri, hata taa zake na namba ya mlangoni, ilhali vichaka vya nyuma vilikuwa vimevutwa vikawa mistari mirefu iliyolala. Nilimwuliza mjomba kama mpigaji alikuwa ndani ya gari jingine lililokwenda sambamba.

“La, mwanangu,” akanijibu, “alisimama chini, na miguu yake haikuondoka. Kiuno chake ndicho kilichokwenda.”

Kamera yetu ilikuwa Zenit ya Kirusi, nzito, ambayo kasi zake za kufungua pazia zilianzia sehemu ya 30 ya sekunde na kuishia sehemu ya 500, na mjomba alinifundisha hesabu yake kabla hajaniruhusu kuigusa. Gari liendalo kilomita 120 kwa saa hukata mita 33 na ushei kila sekunde. Kwa hiyo ukifungua kwa sehemu ya 500, gari husogea sentimita zipatazo 7 tu, picha hutoka imeganda, na mtazamaji huweza kuapa kwamba gari limeegeshwa. Ukifungua kwa sehemu ya 30, gari husogea zaidi ya mita moja, na kamera ikiwa imetulia, unalopata si gari bali ukungu. Njia ya tatu, ambayo ndiyo iliyompa Shankland upepo wake, ni kufungua kwa kasi ile ndogo huku ukilifuata gari kwa kamera, ili mbele ya lenzi gari liwe ndilo lililotulia, na dunia iwe ndiyo inayokwenda. Unaielekeza miguu mahali utakapomalizia, unaugeuza mwili kule gari litokako, unavibana viwiko ubavuni, unazuia pumzi, nawe unabonyeza katikati ya mgeuko bila kuukatiza. Na kwa kuwa kioo cha ndani huinuka wakati huohuo na kukuachia giza, nukta yenyewe ya picha hupita huioni, ukabaki kuuamini mkono wako. Aghalabu mkanda mzima wa picha 36 ulitoa picha moja ya kutundikwa, na pengine haukutoa hata hiyo.

Fani hii ina historia yenye insafu kwa walioshindwa. Mwanzoni mwa karne ya ishirini kijana wa Kifaransa, Jacques-Henri Lartigue, alilipiga picha gari katika mashindano ya Ufaransa, akaligeukia kwa kamera lakini asilimudu lote, na kwa sababu ya jinsi pazia la kamera yake lilivyopita kutoka upande mmoja wa kioo cha picha hadi wa pili, gurudumu lilitoka limepinda kama yai lililoinamia mbele, na watu waliosimama kando wakaonekana wameinamia nyuma. Kwa miaka mingi picha ile ilihesabiwa kuwa imeharibika. Leo ni miongoni mwa picha mashuhuri kabisa za mbio za magari duniani, kwani hakuna macho yanayoitazama yasiyohisi kwamba gari lile linaponyoka.

Walakini si kila kasi ilipatikana barabarani. Wenye mabasi na malori kutoka Mbeya, Njombe na Mafinga walikuja studio wakitaka picha ya gari lao likiwa katika mwendo, lakini gari lenyewe liwe limeoshwa, na wao wenyewe wawe wamesimama kando ya mlango katika suti, matakwa mawili yasiyokutana. Basi tuliwapiga picha stendi, gari limetulia, kisha kasi ikatiwa usiku katika chumba cha giza. Karatasi ilipigwa mwanga kwa robo tatu ya muda wake bila kuguswa; halafu kipande cha kadibodi, kilichokatwa kwa umbo la gari na watu wake, kikashikwa kwa waya mwembamba katikati ya mwanga ili usiwafikie tena; na kwa robo iliyobaki mjomba aliusogeza ubao ulioshika karatasi, polepole, kwa kadiri ya upana wa ukucha, huku mkono wa pili ukikitikisa kile kipande kidogo kidogo ili ukingo wake usiache alama. Karatasi ilipoingia katika dawa, chini ya taa nyekundu, nilishuhudia miti ya stendi ikianza kukimbia. Wateja walifurahi sana, na mjomba hakuwanyima furaha hiyo. Lakini nyuma ya kila picha ya namna hiyo aliandika kwa penseli maneno matatu, “Gari lilikuwa limesimama,” wala hapakuwa na mteja aliyeweza kumshawishi ayafute.

Kompyuta ilikuja ikayakusanya yote hayo katika ncha ya kidole. Programu ya Photoshop, iliyotoka Marekani mwaka 1990, ilitufikia Mbeya muda mrefu baadaye, pamoja na kompyuta za mitumba, na vijana wenye studio mitaa ya Mwanjelwa na Soweto wakagundua kwamba yale ya kadibodi na waya sasa ni amri mbili: moja ya kuivuta picha upande mmoja, na nyingine ya kulizungusha gurudumu. Wakati huohuo kamera mpya, zenye kasi ya sehemu ya 1,000 na zaidi na lenzi zinazojitafutia shabaha, zilimfanya kila mtu apate gari lililo dhahiri mara ya kwanza, na matokeo yake yalikuwa ajabu ya kuhuzunisha: katika mashindano ya magari ya Iringa, Subaru na Mitsubishi zilizotupita zikatetemesha vifua vyetu zilionekana katika picha zimetulia barabarani kana kwamba dereva ameshuka kununua mahindi ya kuchoma. Kwa hiyo sikubaliani na wazee wenzangu wanaolaani kila picha iliyotiwa kasi baadaye. Picha iliyogandishwa nayo haisemi yote. Imeficha jambo lenyewe lililotufanya tuamke alfajiri tukasimame vumbini, na anayejaribu kulirudisha jambo hilo kwa kompyuta huenda yuko karibu na ukweli kuliko kamera yake.

Ila kurudisha kuna kanuni zake, na hapa ndipo ninapowaona vijana wengi wakipotea, kwa sababu hawakuwahi kulifuata gari kwa kiuno. Niliwahi kuletewa picha moja, kazi ya kijana mwenye kipaji, gari jekundu likitoka katika kona nje ya mji wa Iringa. Majani ya ukingoni yalikuwa yamevutwa yakawa nyuzi. Milima ya nyuma ilikuwa imetulia, unaweza kuhesabu mawe yake. Magurudumu yalikuwa yamesimama, kila njiti mahali pake. Mambo haya matatu hayakutani katika picha moja ya kweli. Mpigaji aliyesimama mahali pamoja na kugeuka na gari huivuta dunia yote kwa kipimo kimoja, majani ya karibu na mlima wa mbali, kwani anayegeuka ni yeye. Mlima hutulia na majani ya karibu hukimbia kwa yule tu aliye ndani ya chombo kinachokwenda, kama abiria wa basi anayeuona Mlima Loleza ukimsindikiza huku nguzo za kando zikimpita. Na gurudumu lina sheria yake: kwa aliyelifuata gari, njiti huzunguka kwa usawa pande zote za ekseli, kwa aliyeituliza kamera, sehemu ya chini inayogusa ardhi hubaki dhahiri kwa kuwa nukta ile imesimama kweli, na sehemu ya juu hufutika zaidi kwa kuwa inakwenda mara mbili ya gari. Vumbi nalo halitaki kuvutwa mbele ya bampa, kwani mbele hakuna vumbi. Nilimweleza kijana yule haya yote juu ya picha yake, akaitengeneza upya, na ile ya pili ilipumua.

Zaidi ya ufundi kuna amana, na juu ya hili sina tashwishi yoyote. Picha ya tangazo la matairi, au kalenda ya mwenye mabasi, ina ruhusa ya kupambwa, maana mtazamaji anajua yuko sokoni. Picha ya gazeti ni shahidi. Tuseme basi limepinduka Kitonga, na mhariri akapewa picha ya basi hilohilo iliyopigwa siku moja kabla, ikiwa imetiwa upepo ili ipendeze: picha hiyo imekwisha kumhukumu dereva kabla askari wa usalama barabarani hawajapima alama za breki, na kama dereva huyo amefariki hatakuwa na wa kumtetea. Ndiyo maana waandaaji wa mashindano ya picha za habari ya World Press Photo, mwaka 2015, waliziondoa karibu moja katika kila tano ya picha zilizokuwa zimefika duru ya kabla ya mwisho, baada ya kuzilinganisha na asili zake na kukuta zimeguswa kupita kiasi. Wengine waliona ni ukali. Mimi naona ni haki.

Sasa kasi hutiwa kwa simu, ukingoni mwa barabara, kabla vumbi la gari halijatua, na picha huwa imekwisha kufika Dar es Salaam na Nairobi wakati dereva bado yuko njiani. Nami nawaomba vijana wa Iringa na Mbeya mnaoishika kazi hii mambo mawili. Jifunzeni kwanza kulifuata gari kwa mwili, kwa kasi ya sehemu ya 30 au ya 60, hata kama picha nyingi zitaharibika, kwani simu haitozi gharama ya mkanda. Na mnapotia upepo baadaye, ihifadhini ile picha ya asili bila kuigusa, kisha mwambieni mhariri na mtazamaji, kwa maandishi chini ya picha, kwamba upepo huo umetiwa kwa mkono.